Nguo ya Barafuni kwa Cherehani ya Same

Anga linapokuwa safi, aliyesimama upande wa Mkomazi wilayani Same huweza kuiona Kibo na weupe wake kileleni. Ukiacha ile inayogandishwa kwenye friji na kuuzwa kwa watoto, hiyo ndiyo barafu ambayo wengi wa Upare wameikaribia kuliko nyingine yoyote, tena kwa macho tu. Nayo inakwisha: vipimo vilivyotangazwa na wanasayansi mwaka 2009 vilionyesha kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo mlimani mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007.

Barafu ya kutelezea ipo kwingine, wala si Ulaya. Tangu mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, kuna uwanja wa barafu unaogandishwa kwa mitambo. Mtu akitoka Same asubuhi kwa basi, akapita Moshi, Arusha na Namanga, anaweza kulala Nairobi siku hiyo hiyo. Uwanjani hapo ndipo walipojifunzia vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya mpira wa magongo ya barafuni, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo nchini mwao. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza mechi pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa mchezo huo. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la dunia la magongo ya barafuni, IIHF.

Mchezaji wa magongo huvaa kofia ngumu, sponji za mabegani na jezi pana. Mavazi yake hayamsumbui fundi. Anayesumbua ni yule anayetaka kuruka, kuzunguka kwa mguu mmoja na kupinda mgongo mpaka kichwa kikaribie kisigino. Viatu vyenye vyuma atavikodi mlangoni, lakini nguo hazikodishwi. Wanaoingia mara ya kwanza huvaa jinzi na sweta, kisha hugundua yale ambayo kila mwanafunzi wa barafuni hugundua: jinzi haikubali goti lipande juu, na mtu akianguka mara mbili inalowa, inakuwa nzito na baridi, na haikauki mpaka arudi nyumbani. Duka la mavazi ya kutelezea barafuni halipo Same, wala Moshi. Kuagiza kutoka nje kunawezekana, ila mtu hulipia nguo, usafiri na ushuru, kisha hupokea gauni lililokatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo cherehani inapoingia. Fundi wa Same au wa Kighare ambaye ameshashona jezi za shule, kaptula za riadha na sketi za netiboli, anakijua kiasi kikubwa cha kazi hii tayari. Kinachobaki ni kukijua kitambaa.

Vitambaa vingi vinavyopita mikononi mwa mafundi wetu, yaani khanga, kitenge, drili ya sare za shule, vimefumwa kwa mtande na mshindio: nyuzi zilizonyooka zikikatizana. Ukivivuta havitoi kitu, labda kidogo kwa upande wa mshazari. Kitambaa cha kutelezea barafuni kimefumwa kwa vitanzi, kama sweta wanazofuma akina mama wa milimani kwa ajili ya baridi, ila vitanzi vyake ni vidogo mno kuonekana. Vitanzi peke yake vinatosha kukifanya kivutike. Kinachokifanya kirudi mahali pake kila mara ni uzi mwingine, elastini, uliobuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Waynesboro, Virginia. Kampuni iliuuza kwa jina la Lycra, na jina hilo likaenea mpaka kwa wauzaji wa Kariakoo na Eastleigh. Uzi wa elastini unaweza kuvutwa zaidi ya mara tano ya urefu wake na bado ukarudi. Haufumwi peke yake. Kitambaa cha kawaida cha mavazi haya huwa na nailoni takribani asilimia 80 na elastini asilimia 20, na sifa inayotafutwa ni kwamba kivutike pande zote nne, kwa mapana na kwa marefu.

Kabla ya Shivers watu waliteleza wamevaa nini? Historia hiyo inastahili kusimuliwa, maana tangu mwanzo nguo iliamua nani acheze na nani akae pembeni. Mwaka 1902 Mwingereza Madge Syers aliingia katika mashindano ya dunia ya kutelezea barafuni mjini London, kwa kuwa kanuni hazikusema popote kwamba ni ya wanaume tu. Akashika nafasi ya pili, wanaume wakiwa nyuma yake. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa kiliwazuia wanawake, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba sketi ndefu zinawazuia waamuzi kuona miguu. Wangeweza kusema sketi zipunguzwe, wakawaondoa wanawake. Syers mwenyewe alikuwa akivaa sketi iliyoishia juu ya kifundo cha mguu, na michezo ya kutelezea ilipoingia Olimpiki ya London mwaka 1908 alitwaa dhahabu ya wanawake.

Kisha akaja mtoto wa Oslo, Sonja Henie, ambaye alikwenda Olimpiki ya Chamonix mwaka 1924 akiwa na miaka 11. Alimaliza wa mwisho. Lakini alivaa sketi fupi ya kitoto, na kwa sketi hiyo aliweza kuruka na kuzunguka kwa namna ambayo wanawake wenzake, kwa mavazi yao marefu, hawakuweza. Baadaye alishinda dhahabu mara tatu mfululizo, 1928, 1932 na 1936, na wote wakafupisha.

Mwaka 1986 Mmarekani Mweusi Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 1988 huko Calgary akapata shaba ya Olimpiki. Alikuwa miongoni mwa waliovaa vazi la kipande kimoja, lenye suruali iliyobana mwili na bila sketi. Baada ya michezo hiyo ya Calgary, kanuni mpya ikaamuru kwamba kila mwanamke avae sketi inayofunika nyonga na makalio. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 2004, wanawake waliporuhusiwa tena kuvaa suruali.

Ruhusa hiyo ya 2004 ina maana kubwa kwa Same na kwa pwani yote kuliko inavyoweza kudhaniwa. Upare ni nchi ya Waislamu, Walutheri na Waadventista, na mzazi ambaye hatakubali binti yake avae kijisketi na miguu wazi mbele ya watu hana haja ya kumkatalia barafu. Vazi la suruali na mikono mirefu ni halali mashindanoni. Zahra Lari wa Abu Dhabi alilithibitisha hilo kwa mwili wake. Mwaka 2012 aliteleza katika mashindano ya Canazei, Italia, akiwa amevaa hijabu, na waamuzi wakamkata pointi kwa kile kilichomfunika kichwa. Yeye na wenzake wa Falme za Kiarabu wakalipeleka suala hilo kwa chama cha kimataifa, na baadaye hijabu ikakubalika. Hijabu ya aina hiyo ni kazi ya kitambaa kile kile cha kuvutika: inakaa kichwani bila pini, haipepei machoni, na haidondoki. Kudondoka ni jambo zito, kwani kipande chochote cha vazi kikianguka kwenye barafu wakati wa mashindano, mchezaji hukatwa pointi moja.

Sasa turudi mezani kwa fundi, na futikamba mkononi.

Kosa linaloharibu nguo nyingi hufanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Fundi aliyezoea kitenge huongeza nafasi: kifua kikiwa sentimita 90, hukata 96 au zaidi ili mtu apumue. Kwa kitambaa cha kuvutika hesabu hugeuka. Nguo hukatwa ndogo kuliko mwili, na mwili ndio unaoijaza. Ndogo kwa kiasi gani hutegemea kitambaa chenyewe, kwa hiyo kipimwe kwanza. Chukua kipande, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, kivute kando ya rula bila kukilazimisha. Alama zikifika 15, kitambaa kinavutika kwa nusu ya urefu wake, na hicho kinafaa. Zikiishia 12, kiache. Kitatoa fulana nzuri, lakini hakitampeleka mtu hewani. Pima na upande wa pili. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke mwili, kifuani na kiunoni, na ule wa pili ushuke toka begani hadi mguuni. Halafu kiachie, uone kama alama zinarudi kwenye 10. Kitambaa kinachovutika bila kurudi kitalegea magotini siku ya kwanza tu.

Kuna kipimo ambacho mafundi wa magauni hawakichukui na ambacho hapa ndicho mfalme: mzunguko wa kiwiliwili. Futikamba huanza begani, hushuka mbele ya kifua na tumbo, hupita katikati ya miguu, na kupanda nyuma hadi bega lile lile. Nguo ikiwa fupi kwenye mzunguko huo, mchezaji akinyanyua mikono mabega yanavutwa chini na kuchoma. Ikiwa ndefu, tumboni panakunjamana na matako yanaonyesha mikunjo kila anapochutama. Mtu apimwe amesimama, kisha anyanyue mikono juu, kisha apinde mgongo. Tofauti ya vipimo hivyo vitatu ndiyo itakayomwambia fundi kitambaa kifanye kazi kiasi gani kwa marefu.

Cherehani za mguu zilizojaa kwenye vibaraza vya maduka yetu, zile nyeusi za Singer na Butterfly, hushona mshono ulionyooka tu. Tatizo la mshono huo si urembo. Kitambaa kikivutwa, uzi ulionyooka hauna akiba. Unakatika, na mshono unafunguka wote kwa mkupuo mmoja. Mwenye cherehani ya umeme inayoshona zigizaga hana shida kubwa: zigizaga nyembamba kabisa, upana wa milimita moja au pungufu, huufanya uzi uwe na nafasi ya kunyooka pale kitambaa kinapovutwa. Mwenye cherehani ya mguu naye hajafungiwa mlango. Atumie uzi wa poliesta, kwani wa pamba hukatika upesi. Afupishe hatua za mshono. Akivute kitambaa kidogo, kwa mkono mmoja mbele ya sindano na mwingine nyuma yake, kwa nguvu sawa, kisha apitishe mshono wa pili kando ya wa kwanza. Baada ya hapo apeleke nguo kwa jirani mwenye ovaloki ikafungwe kingo, kama ambavyo mafundi wengi wadogo hufanya kwa malipo ya papo hapo. Ovaloki ndiyo mashine iliyozaliwa kwa kazi hii. Kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, ilikuwa miongoni mwa waasisi wake katika karne ya 19, na nyuzi zake tatu au nne hujifunga kwa vitanzi vinavyocheza pamoja na vitanzi vya kitambaa.

Sindano ina jambo lake. Ile ya kawaida ina ncha kali, nayo hutoboa nyuzi za elastini na kuzikata. Baada ya kufua mara chache vijitundu hujitokeza kando ya mshono. Au huruka: inashona hatua tatu, inaacha moja, inashona mbili. Fundi husafisha mashine, hubadilisha uzi, hulaumu bobini, na kumbe dawa ni sindano ya ncha ya mviringo, ya namba ndogo kama 75, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzichoma. Kitambaa kikiendelea kumezwa chini ya sindano, karatasi nyembamba nyeupe iwekwe chini yake, ishonwe pamoja nacho, kisha ichanwe. Gazeti lisitumike kwa kazi hiyo kwa sababu wino wake huhamia kwenye nailoni. Gazeti, au karatasi ya kaki, litumike pale linapofaa, yaani kuchorea na kukatia paterni.

Kitambaa chenyewe kitoke wapi? Kwa mwenye kuanza, mitumba ni mwalimu mzuri kuliko jora jipya. Katika soko la Memorial mjini Moshi mtu anaweza kupata nguo za kuogelea, taiti za mazoezi na mavazi ya densi. Kufumua moja kwa wembe, mshono kwa mshono, na kutandaza vipande vyake mezani humpa fundi paterni, humwonyesha wapi lastiki ilivutwa na wapi iliachwa, na humpa kitambaa cha kujaribia. Tahadhari iwe kwa nguo za kuogelea: klorini ya bwawani huila elastini. Kitambaa kilicholiwa hujulikana kwa kuvutwa mbele ya mwanga; hutoa vinyuzi vyeupe vilivyokatika au hubaki na mawimbi. Kwenye tundu za miguu, lastiki ya mbele ivutwe kidogo tu, ya nyuma ivutwe zaidi, kwa kuwa nyuma ndiko nguo inakopenda kupanda.

Liko suala la rangi, nalo linamhusu mchezaji wa Afrika Mashariki kuliko jingine lolote katika makala haya. Magauni mengi ya barafuni yana sehemu za wavu mwembamba mgongoni, kifuani na mikononi, wenye kazi ya kuonekana kama ngozi tupu huku ukishika nguo isitoke. Wavu huo kwa muda mrefu umeuzwa kwa jina la rangi ya ngozi, na ngozi iliyokusudiwa ni ya Mzungu. Mtoto wa Same akivaa gauni la aina hiyo lililoagizwa, ataonekana amefungwa bandeji mabegani. Wacheza baleti weusi walilikuta jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1970 kundi la Dance Theatre of Harlem, lililoanzishwa na Arthur Mitchell mwaka 1969 jijini New York, liliamua kwamba soksi na viatu vya kila mchezaji vifuate rangi ya ngozi yake mwenyewe, na wakawa wanavipaka rangi kwa mikono. Iliwachukua watengenezaji wa viatu wa Freed of London hadi 2018 kuanza kuuza viatu vya kuchezea vya kahawia.

Anayejishonea hahitaji kungoja hivyo. Wavu wa nailoni hupokea rangi vizuri, na rangi ya kahawia iliyo karibu kuliko zote ipo jikoni: majani ya chai. Chai nzito iliyochemshwa na kuchujwa, wavu ukaloweshwa na kugeuzwa geuzwa, ukatolewa kila baada ya dakika chache na kuwekwa juu ya mkono wa atakayeuvaa. Ukikauka hupauka kidogo, basi utolewe ukiwa umezidi kidogo. Kwa ngozi nyeusi zaidi chai haitoshi, na hapo hutumika rangi za dukani za nailoni pamoja na siki. Wavu wa poliesta haupokei chai hata ukikesha nao, kwa hiyo kipande kidogo kijaribiwe kabla ya kununua mita nzima.

Yote hayo yafanyike kwa uangalifu, halafu kishikizo kimoja kikashonwa kwa haraka, kazi yote inaweza kupotea. Olimpiki ya Pyeongchang ya mwaka 2018 ilitoa mifano miwili ndani ya siku chache. Ndoano ya mgongoni ya Yura Min, Mkorea Kusini, ilifunguka mara tu muziki ulipoanza, akateleza dansi nzima akijitahidi kuizuia nguo isianguke. Baadaye alisema safari ijayo atajishonea ndani ya nguo hiyo. Kisha kishikizo cha shingoni cha Mfaransa Gabriella Papadakis kikafunguka katika dansi fupi. Yeye na mwenzake Guillaume Cizeron walimaliza na medali ya fedha, pungufu ya dhahabu kwa pointi 0.79 tu. Hakuna awezaye kuapa kwamba kishikizo ndicho kilichowanyima, lakini hakuna fundi atakayeisoma tofauti hiyo bila kurudi kukagua kazi yake. Shingoni pasitegemee ndoano moja. Mbili zishonwe, ziegemee kipande cha kitambaa kisichovutika kilichofichwa ndani, na mvaaji akishavaa apigiwe hatua chache za uzi kwa mkono, zitakazokatwa baada ya mchezo.

Vito na vipande vya kung'aa vibandikwe nguo ikiwa imevutwa, juu ya mwili au juu ya sanamu ya kupimia. Vikibandikwa nguo ikiwa imelala mezani, siku ya kuvaa gundi hupasuka na shanga hutawanyika, na shanga moja chini ya chuma cha kiatu inatosha kumwangusha mtu. Baada ya kutumika nguo ifuliwe kwa mikono, kwa maji baridi, bila jiki. Ianikwe kivulini. Pasi isiikaribie, maana elastini haivumilii joto.

Fundi anayejifunza kazi hii hategemei barafu ya Nairobi pekee kwa wateja. Vikundi vya sarakasi, wanariadha, wachezaji wa netiboli wanaotaka kaptula ya kubana chini ya sketi, wasichana wanaoogelea na wanataka vazi linalofunika mwili wote, wote wanahitaji mshono ule ule, paterni ya aina ile ile na sindano ile ile. Kaptula ya ndani ya netiboli ndiyo mahali pazuri pa kuanzia: vipande viwili, lastiki tatu, na kosa likitokea halionekani. Taiti ndefu ifuate, yenye kitambaa kizito chenye manyoya laini kwa ndani, kwa sababu mwanafunzi wa barafuni huanguka mara nyingi kabla hajasimama. Gauni la kurukia lije la tatu, mkono ukiwa umeshakizoea kitambaa, na mwenye kulivaa akiwa ameshajua anataka mikono mirefu au mifupi, sketi au suruali.